Usibomoe, Lakini Pia Usinifungie Mlango

Kama umewahi kupanga laini kwa ile benki iko Kenyatta Avenue ikikutana na Loita Street, lile jengo la mawe ya kijivu ambalo limebanwa na maghorofa pande zote, basi umesimama ndani ya Kipande House. Pengine ulikuwa unaangalia simu. Sikulaumu, hata mimi laini ya benki hunimalizia bando. Lakini jina hilo halikutoka hewani. Jengo lilijengwa 1913, na baadaye likawa mahali Waafrika wanaume waliandikishwa na kupewa kipande, ile karatasi ya alama za vidole na rekodi ya kazi ambayo ulilazimishwa kutembea nayo ikiwa kwa kikopo cha chuma shingoni. Ukipatikana bila hiyo, jela ama faini. Guka wangu anasema babake alivaa moja, na hakuwahi kupenda kitu chochote cha kuvaa shingoni tena, hata tai ya kanisa.

Leo jengo hilo ni tawi la KCB. Na hapa ndipo wengi mtanishangaa: mimi sioni shida kwamba ni benki. Jengo la zamani kupewa kazi mpya ndiyo njia pekee linaweza kuendelea kuishi. Shida yangu ni kwamba unaweza kuingia, uweke pesa, utoke, na hakuna chochote kinachokusimamisha hata sekunde kumi kukuambia ni nini kilifanyika kwa sakafu hiyo umesimama. Jengo limehifadhiwa, mawe yako sawa, paa liko sawa, lakini ni kama limezibwa mdomo.

Kuna beshte yangu, tunarekodi video pamoja, yeye msimamo wake ni mmoja: bomoa. Anasema hizi ni nyumba za mkoloni, zilijengwa kutufungia nje, na sasa ati tuchange pesa za ushuru kuzipaka rangi? Eti tutengeneze ngazi ambazo shosho zetu hawakuruhusiwa kupanda? Sikatai hiyo hasira. Ni hasira halali kabisa. McMillan Library pale Banda Street, karibu na Jamia Mosque, ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hangeingia kusoma. Aliingia kufagia. Unapita kati ya wale simba wawili wanaolinda mlango na unajua kabisa walikuwa wanamlindia nani.

Lakini angalia Nairobi wanaweka nini mahali pa kile wanabomoa. Nyumba za zamani za Kilimani na Kileleshwa zilienda, tukapata maghorofa yanayofanana kama mikate ya sinia moja. Nyumba za kaunti za Pangani zilienda pia. Hakuna siku tingatinga lilibomoa kitu hapa tao halafu mahali pake pakawekwa bustani ya kijana wa Umoja kuketi bure. Ukibomoa jengo la mkoloni hupati uhuru, unapata tu parking. Na tena ukisema ni "jengo la mkoloni" unampa mkoloni sifa ambayo si yake. Yeye alilipa, tena kwa pesa za kodi ya kibanda alizokamua kwa watu wetu. Waliochonga mawe, waliobeba, waliopanga tofali, ni mafundi Wahindi na vibarua Waafrika. Kipande House yenyewe ilijengwa na kontrakta Mhindi, Gurdit Singh Nayer. Hayo mawe yana jasho la watu ambao majina yao hayako kwa bamba lolote. Ukiyaponda unaponda kazi yao, mkoloni yuko zake kaburini Uingereza hana habari.

Sasa, nimekuwa nikisoma sana kuhusu hawa wasanifu majengo ambao kazi yao ni kuchukua jengo lililogazetiwa na kulibadilisha, ama kuliongezea kipande kipya. Nilidhani ni kazi ya kupaka rangi na kuweka taa za kupendeza. Kumbe hiyo ni kama kusema daktari wa moyo anafanya kazi ya kushona nguo.

Chukua nyumba ya Lamu. Ukuta wake ni wa mawe ya matumbawe, umeshikwa na chokaa, na dari imebebwa na boriti, zile nguzo za mikoko. Umewahi kujiuliza kwa nini vyumba vya nyumba za zamani za pwani ni virefu na vyembamba kama korido? Si fasheni. Ni kwa sababu boriti ya mkoko huwezi kuitegemea ivuke zaidi ya mita 3 hivi, kwa hivyo mti ndio uliamua upana wa chumba, na chumba kikaamua watu wanaketi vipi, wanalala wapi, mgeni anaishia wapi. Nyumba nzima imechorwa na mkoko! Sasa anakuja mtu na pesa, anataka sebule kubwa ya kuweka sofa ya kona, anavunja ukuta wa katikati. Ule ukuta ulikuwa umebeba boriti za vyumba viwili. Ghorofa ya juu inaanza kulegea.

Halafu kuna simiti. Hii ndiyo ilinifungua macho zaidi. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, yaani unyevu unaingia na kutoka. Fundi wa leo, kwa nia njema kabisa, anaona plasta ya chokaa imebambuka anaipiga simiti kwa sababu simiti ni ngumu, simiti ni ya kisasa. Simiti inaziba. Maji yanaingia kutoka chini ama kwa ufa mdogo, yanakosa njia ya kutoka, yanabaki ndani na chumvi yake, na ukuta ambao ulisimama miaka 200 unaanza kuoza ukiwa umevaa koti safi. Kwa hivyo kazi ya kwanza ya msanifu mara nyingi ni kutoa vitu, si kuongeza. Anatoa simiti ya juzi ili ukuta wa jana upumue.

Na adui namba moja si vita wala tetemeko. Ni maji. Mfereji wa paa ukiziba, bati moja likitoboka, ndiyo mwanzo. Wazanzibari wanajua hili kwa uchungu. Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultan Barghash la 1883, watu walilipa jina hilo kwa maajabu yake, lilikuwa na umeme na lifti wakati sehemu nyingi za Afrika Mashariki hazijawahi kuona taa ya umeme. Liko Mji Mkongwe, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Sehemu ya roshani yake ilianguka 2012. Likafungwa. Miaka ikapita. Halafu tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati, upande mkubwa wa mbele ukaporomoka na watu wawili wakafa. Kuwa kwa orodha ya UNESCO hakukuwa na maana yoyote siku hiyo. Cheti hakishiki paa. Ndiyo maana mtu akiniambia "si jengo limeshagazetiwa, liko salama", mimi hucheka kwa uchungu. Sheria yetu ya 2006 ya makumbusho na urithi inaweza kukuzuia kubomoa. Haiwezi kupanda juu kuzibua mfereji.

Ndiyo narudi kwa jambo la matumizi. Jengo ambalo lina watu ndani kila siku, mtu ataona maji yakidondoka Jumatatu na Jumanne fundi yuko juu. Jengo ambalo limefungwa na kufuli "kuhifadhiwa" linaoza kimyakimya. Pwani kuna mifano miwili mizuri. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, Waingereza wakaifanya jela kutoka 1895, na sasa ni makumbusho. Ngome ya Lamu ilikuwa jela pia, tena hadi 1984, si zamani sana, kuna wazee mtaani wanaweza kukuambia nani alifungwa huko. Leo watu wanaingia kusoma vitabu na kufanya shughuli za mji. Ngome, jela, makumbusho. Kuta ni zilezile, kazi imebadilika, na hiyo kubadilika ndiyo imeziweka hai.

Hapa Nairobi pia tunazo, ni venye hatuangalii. Lile jengo dogo la 1913 pale Uhuru Highway ikikutana na Kenyatta Avenue lilikuwa ofisi ya PC, watu walienda kuandikisha kuzaliwa, ndoa na vifo, na umbali wa kutoka Nairobi ulipimwa kuanzia hapo. Sasa ni Nairobi Gallery, na ndani kuna vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, makamu wa rais wetu wa pili. Na National Archives, pale nyote mnaposhukia ama kukutania ("nipate Archives"), lilikuwa jengo la Bank of India. Naweza kubeti watu kumi wakikutana hapo, tisa hawajawahi kuingia ndani.

Turudi kwa swali gumu: jengo likihitaji kuongezewa, unaongeza vipi? Kuna kambi mbili za uvivu. Ya kwanza ni kuigiza: unajenga kipande kipya kwa simiti halafu unakichora mistari kifanane na mawe ya zamani, uweke na nguzo za Kigiriki za plasta. Hiyo ni uongo, na mtoto wa kesho hatajua gani ni ya kweli. Ya pili ni kiburi: unatupa sanduku la vioo juu ya nyumba ya mawe ili picha yako itoke kwa majarida. Wataalamu walikutana Venice 1964 wakaandika mkataba ambao mpaka leo wasanifu wanaurudia, na moja ya mambo yaliyomo ni kwamba kipya lazima kionekane ni kipya, kiwe na alama ya wakati wake, lakini kisivuruge kilichokuwepo. Ni rahisi kusema. Kufanya ni noma.

Mfano ambao huniliza ni Neues Museum, Berlin. Ilijengwa katikati ya karne ya 19, ikapigwa mabomu Vita vya Pili vya Dunia, ikakaa gofu kwa miongo mingi. Msanifu Mwingereza David Chipperfield akapewa kazi, na ikafunguliwa tena 2009. Angeweza kuirudisha ikawa mpya tii kama hakuna kitu kilifanyika. Hakufanya hivyo. Matundu ya risasi bado yako. Mahali rangi ya ukutani ilipona, imeachwa, mahali iliungua, pameachwa pakiwa pamenyamaza, hapajachorwa upya. Na ngazi kuu, ambayo iliharibiwa kabisa, ameijenga upya kwa zege jeupe yenye umbo lilelile la zamani lakini bila mapambo. Unapanda ukijua wazi: hapa palikuwa na kitu, kikavunjwa, na sisi ndio tuliweka hiki. Kuna Wajerumani waliandamana wakitaka mapambo yote yarudi. Mimi niko upande wa Chipperfield asubuhi na jioni.

Sasa niambie, Kipande House haistahili angalau kitu kama hicho? Sisemi watoboe ukuta. Nasema kikopo kimoja cha chuma, ndani ya kioo, kando ya laini ya watu wanaongoja huduma, na maneno mawili matatu ya Kiswahili. Gharama yake ni ndogo kuliko bango moja la matangazo.

Lakini si kila ubadilishaji ni mzuri, na hapa ndipo mimi na wapenzi wa majengo huwa tunakosana. Pale Cape Town kuna maghala ya nafaka ya miaka ya 1920, mitungi 42 ya zege imesimama bandarini. Thomas Heatherwick aliikata ndani, akachonga uwazi mkubwa katikati kwa umbo la punje ya mahindi iliyokuzwa, na 2017 ikafunguliwa ikiwa Zeitz MOCAA, makumbusho ya sanaa ya Afrika. Kama kazi ya mikono, aki ni moto, nimeangalia video zake mpaka nikachoka. Halafu juu ya hayo makumbusho kuna hoteli ambayo chumba cha usiku mmoja kinaweza kulipa kodi ya keja yangu kwa miezi mingi. Nafaka iliyopita kwa hayo maghala ililimwa na watu maskini weusi. Wajukuu wao wananunua tiketi kuingia chini, na mwingine analala juu.

Nairobi tunaelekea njia hiyohiyo, tena bila hata makumbusho chini. Nyumba ya zamani inaokolewa, tunashangilia, halafu inakuwa mkahawa wa kahawa ya shilingi mia tano. Mwaka jana niliingia kwa moja na kamera ndogo, nikauliza kama naweza kurekodi ngazi ya mbao tu, dakika mbili. Askari wa mlango akaniangalia viatu kwanza. Halafu akasema lazima ninunue kitu, na kurekodi kunahitaji barua. Nje tu ya lango kuna bamba la kuonyesha ni jengo la kihistoria. Historia ya nani, kama mimi natakiwa kuileta barua?

Najua jibu: lazima pesa itoke mahali, paa halijitengenezi. Ni kweli, na sitajifanya serikali itatoa kila kitu. Mkahawa unaweza kulipa fundi wa chokaa. Ila hiyo ni mazungumzo ambayo yanafaa kufanyika kabla ya mchoro wa kwanza, na msanifu yuko mezani. Je, ghorofa ya chini inaweza kuwa wazi kwa kila mtu na mkahawa ukae nyuma? Ua unaweza kuwa njia ya kupita? Msanifu mzuri anachora nani anaingia, si ukuta tu. Mlango ni uamuzi.

Ndiyo maana kati ya kazi zote za hapa nyumbani, ile ninaiheshimu zaidi ni ya Book Bunk. Wanjiru Koinange na Angela Wachuka waliianzisha 2017, wakaingia makubaliano na kaunti ya Nairobi kuzifufua McMillan na matawi yake mawili ya Eastlands, Kaloleni na Makadara. McMillan ndiyo ina nguzo, ina simba, ina picha nzuri, ndiyo mfadhili angependa kupigia selfie. Lakini zilizotangulia kukamilika ni zile za Eastlands. Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940 uliojengewa wafanyakazi Waafrika, na Makadara. Mtoto wa Jogoo Road alipata viti, mwanga na vitabu kabla simba hawajaguswa. Kwangu hiyo ni siasa bora kuliko hotuba yoyote ya Madaraka Day.

Na ukifikiria, Kaloleni pia ni urithi. Tumezoea kudhani jengo la kihistoria lazima liwe na nguzo za mawe na jina la bwana fulani. Nyumba za chini za Kaloleni, ukumbi wake, maktaba yake ndogo, huko ndiko siasa za uhuru zilipikwa na watu wenye majina kama yetu. Kama orodha ya majengo ya kulindwa ingeandikwa na watoto wa Eastlands, ingekuwa tofauti kabisa na ile tuliyonayo, na tingatinga za maghorofa mapya zingelazimika kupunguza mwendo kidogo.

Kuhusu McMillan sasa. Fikiria kazi iliyoko. Jengo lina sheria yake lenyewe ya bunge, si mahali pa kuchezea. Wasomaji wa leo wanataka soketi, WiFi, choo kinachofanya kazi, na mahali pa kuongea bila kunyamazishwa, kwa sababu sisi husoma tukiwa kikundi. Mwaka wa 1931 hakuna mtu aliwazia laptopu. Huwezi kuchimba mawe kupitisha nyaya, kwa hivyo unatafuta njia chini ya sakafu, ama nyuma ya rafu, ama unaziacha zionekane kwa heshima kwenye bomba safi ambalo siku moja mtu anaweza kulitoa bila kuacha kovu. Hiyo ya kutoa bila kovu ni kanuni kubwa kwa hii kazi: usifanye kitu ambacho anayekuja baada yako hawezi kukirudisha.

Halafu zile ngazi za mbele. Zilichorwa makusudi, upande ukijihisi mdogo, ufike juu umeshanyenyekea. Mtu wa kiti cha magurudumu anazikaribia vipi? Kumwambia azunguke mlango wa nyuma ni rahisi na sheria haitakusumbua sana, lakini mlango wa nyuma kwenye jengo hili, kwa historia yake, ni tusi. Lazima aingie mbele, kati ya simba, kama kila mtu.

Kwa hivyo nyinyi mnaosomea usanifu pale UoN na JKUAT, na najua mko hapa kwa sababu mnanitumia jumbe mkilalamika kuhusu studio: wacheni kuchora viwanja vya ndege vya Dubai kwa mradi wa mwisho. Nendeni Banda Street na tepu. Pimeni zile ngazi, mteremko unaohitajika, jiwe gani mtatumia, litaungana vipi na la zamani bila kujifanya ni la zamani, na simba watasogea ama hawatasogea. Chora, nitumie, nitapost zote, hata zile mbaya. Beshte yangu wa kubomoa amekubali kuwa jaji.